Sabuni, Mwana wa Jannigje

Wolter Mulderij alifunga magoli mia mbili na kumi na mawili katika ligi kuu ya Uholanzi, na mama yake mzazi hakuona hata moja. Jambo hili lilijulikana Oosterwade nzima, na hakuna aliyeliona kuwa la ajabu isipokuwa Wolter mwenyewe. Magoli yalifungwa Jumapili. Jumapili ni ya Bwana: ni ya kwenda kanisani mara mbili, kula supu iliyopikwa Jumamosi, na kusinzia kitini. Mtu anayekimbiza mpira siku hiyo, mbele ya watu elfu arobaini wanaokunywa bia, huyo ana matatizo yake tayari, na haifai mama yake ayaongeze kwa kwenda kuyatazama.

Alizaliwa nyumba ya tatu kutoka darajani, ile yenye mlango wa kijani, mwaka ambao mfereji uliganda mpaka mwezi wa Machi. Baba yake, marehemu Lubbert, alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja, na kwa maneno wote walimshinda. Mtoto alianza kwa kupiga kabichi. Alizipiga kwenye mlango wa zizi mpaka mlango ukanuka kabichi kiangazi chote, na kila iliyopasuka Jannigje aliiokota, akaiosha, akaipika. Wolter alikula mazoezi yake yote.

Baadaye akaingia timu ya kijiji. Timu yetu hucheza Jumamosi, kama timu zote za watu wenye akili, kwa hiyo mtu angeweza kudhani kwamba basi Jumamosi mama alikwenda kumtazama. Hapana. Jumamosi mwanamke wa Oosterwade ana kazi. Kuna ngazi ya mlangoni ya kusuguliwa, kuna madirisha, kuna viatu sita vya kung'arisha, kuna supu, na kuna viazi vya Jumapili ambavyo lazima vimenywe leo ili kisu kisishikwe kesho.

"Mama, leo tunacheza na wale wa ng'ambo ya mfereji," Wolter alikuwa akisema, soksi zimeanguka.

"Vizuri. Na viazi nani atamenya? Mpira?"

Alipofika miaka kumi na saba, wakaja mabwana wawili kutoka mjini, na gari ambalo halikuweza kugeuka barabarani kwetu mpaka Lubbert akafungua lango la malisho. Wakakaa. Jannigje akawapa kahawa, akateremsha kopo la biskuti, lile bati la bluu, kutoka rafuni, akafungua kifuniko, kila mtu akachukua moja, akafunga. Pap! Hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda mlango wa kijani. Yule bwana mnene aliponyosha mkono kuchukua ya pili, alikuta kifuniko. Akabaki na mkono hewani kama mtu anayebariki meza.

"Mnacheza siku gani huko kwenu?" Jannigje akauliza.

"Jumapili, bibi."

Saa ya ukutani ikafanya kazi yake. Kisha Lubbert akasema maneno yake ya kwanza tangu Jumanne: "Ng'ombe nao hukamuliwa Jumapili."

"Ng'ombe ni lazima," Jannigje akamjibu. "Usipomkamua anaumia. Mpira usipopigwa unaumia wapi?"

Lubbert alikuwa amemaliza akiba yake ya maneno. Lakini Jannigje hakuwa mtu wa kumfungia mwanawe mlango. Alimfungashia mashati manne, soksi za sufu na kitabu cha zaburi, akasimama naye ngazini.

"Nenda," akamwambia. "Mimi sitakuja kutazama, hilo ulijue leo usije ukaniuliza kesho. Na usiseme uongo huko. Mjini wanadanganya mpaka kuhusu mvua."

Hapo ndipo Wolter alipotoka na ahadi mbili, moja ya mama, ya kutokuja, na moja yake mwenyewe, ya kutosema uongo. Ya mama ilitimia miaka kumi na saba mfululizo. Hiyo yake tutaiona.

Magazeti yalimpa jina la Sabuni. Alikuwa mwembamba, na beki alipodhani amemshika, alikuta ameshika maji. Alifunga kwa kichwa, alifunga kwa kisigino, na mara moja, siku ya barafu, alifunga kwa kukaa chini. Akavaa jezi ya chungwa ya taifa mara kumi na nne. Lakini sifa yake kubwa, na hili linasemwa bila chuki, ilikuwa kuanguka. Hakuna mtu katika nchi hii aliyejua kuanguka kama Wolter Mulderij. Beki akipumua karibu naye, alikwenda chini kama gunia lililosukumwa kutoka darini, akabingirika mara tatu, akashika goti, akafumba macho. Refa akapuliza. Wolter akainuka, akajipangusa, akaweka mpira mahali pake, akafunga. Penalti sitini na moja alifunga namna hiyo, na mjini walimpigia makofi, wakasema ni ufundi.

Oosterwade hatukuona lolote, kwa sababu Oosterwade hatuna televisheni. Yaani zipo, lakini zimo kabatini. Hilletje, jirani wa Jannigje, yake ilikaa katika kabati la mashuka, milango miwili na ufunguo, kwa ajili ya siku ambazo mchungaji hupita. Jumatatu asubuhi, kwa mwokaji, kila mmoja alikuwa amesikia matokeo kwa bahati mbaya. Mmoja aliyasikia kwa mtu wa posta, na posta haikuwa imefika. Mwingine aliota.

Na Jumatatu ndiyo siku Wolter alipokuja kumwona mama yake. Alipofunga magoli matatu katika mchezo mmoja, kahawa na biskuti moja, pap. Alipokuwa mfungaji bora wa nchi, kahawa na biskuti moja, pap. Alipovunjika goti na kuletwa akiwa na magongo, Jannigje alimwekea mto chini ya mguu, akampa biskuti moja, akasema, "Kula, litapona," pap. Hata alipomleta mchumba wake, Dimphna, binti wa Kikatoliki kutoka kusini, ambako watu huacha sinia zima la keki mezani mchana kutwa kana kwamba hakuna kesho, mambo hayakubadilika. Dimphna alinyosha mkono mara ya pili, akasikia pap, akamtazama Wolter. Njiani kurudi aliuliza kama bati la mama lina kasoro.

Mpira uliisha akiwa na miaka thelathini na minne. Goti. Akajaribu ukocha, wakamfukuza mwezi wa Novemba. Akauza viatu. Akaketi kwenye televisheni akieleza makosa ya vijana. Alipofika hamsini na minane, yeye na Dimphna wakarudi Oosterwade, nyumba iliyo mkabala na kinu cha zamani cha upepo, na wiki ile ile klabu ya kijiji ikamletea karatasi ya zamu: kila Jumamosi ya tatu, kantini, kukaanga vile vitonge vya nyama viitwavyo kroketi.

"Wanajua mimi ni nani?" alimuuliza mkewe.

"Wanajua. Wamekuandika kwa penseli badala ya kalamu, ili ufutike ukikataa, kwa heshima."

Hakuna aliyemsifu. Sifa ya juu kabisa Oosterwade ni "si mbaya," na hiyo hutolewa kwa daraja jipya au kwa mazishi yaliyokwenda vizuri. Wolter alizoea. Alikaanga kroketi zake, nyingine ziliungua, watu walimwambia. Kitu kimoja tu hakukizoea. Aliwahi kuchezea miji ambayo majina yake mama hakuweza kuyatamka, watu wasiomjua walilia kwa furaha kwa ajili yake, na yule mmoja wa mlango wa kijani alikuwa hajaona hata mguu wake ukigusa mpira. Yeye sasa ana miaka sitini na miwili. Mama ana themanini na sita. Hesabu hiyo haihitaji kalamu.

Kisha mambo mawili yakatokea mwaka mmoja. La kwanza, klabu ilianzisha mpira wa kutembea, kwa wazee wa miaka sitini na kuendelea. Sheria ni mbili: hairuhusiwi kukimbia, na hairuhusiwi kugusana. Timu ziligawanywa kwa makanisa, kwa sababu hapa kila kitu kimegawanywa kwa makanisa tangu wazee walipogombana juu ya ubatizo. Kanisa la Kale lina mwokaji wake na Kanisa Jipya lina wake, na mtu wa Kale hali mkate wa Jipya hata akiwa mgonjwa. Akina Mulderij ni wa Kale. Kipa wa Jipya alikuwa mwokaji wao, Teunis, mwanamume mwenye tumbo la kuziba nusu ya goli na kiburi cha kuziba nusu iliyobaki.

La pili, Jannigje alitolewa mtoto wa jicho. Macho yote mawili. Alirudi kutoka hospitali akiona kila kitu, na hakupendezwa na vingi.

"Hilletje," alimwambia jirani yake siku ya kwanza, "miaka yote hii nilidhani mapazia yako ni ya rangi ya maziwa. Kumbe ni machafu."

Dimphna ndiye aliyeona nafasi. Alimwendea Jumatatu, akanywa kahawa yake, akala biskuti yake moja, akasubiri pap, kisha akasema:

"Mama, siku hizi yule dada wa huduma ya wazee anasugua ngazi kila Alhamisi, eti?"

"Anailamba tu. Hasugui."

"Na madirisha?"

"Anayachora."

"Lakini yameshafanywa. Kwa hiyo Jumamosi saa tisa mama huna kazi. Wolter anacheza. Jumamosi, si Jumapili. Na macho unayo."

Jannigje alimtazama mkwewe kwa yale macho mapya. Miaka thelathini na tano alikuwa akingoja huyu wa kusini aseme jambo la maana, na sasa limemjia yeye.

"Kuna viazi," akasema.

"Vya watu wangapi?"

"Vya mmoja. Lakini ni viazi." Akageuza kikombe. "Nitakuja. Sitapiga kelele. Na saa kumi kasorobo naondoka, mpira uwe umekwisha au haujaisha."

Wolter alipoletewa habari hiyo, hakulala vizuri wiki nzima. Kabla ya fainali zake zote alilala kama jiwe, na sasa, kwa mchezo wa dakika arobaini wa wazee wasiokimbia, Dimphna alimkuta jikoni anapitisha chungwa kati ya miguu ya viti.

"Goli moja tu," akamwambia mkewe. "Alione moja. Nikikosa, hatakuja tena, unamjua. Atasema ameshaona."

Jumamosi ilikuja na upepo. Nusu ya kijiji ilikuja nayo, maana habari kwamba Bi Jannigje anakwenda uwanjani ilikuwa imezunguka haraka kuliko homa. Alifika na kiti chake cha kukunja, kofia yake ya kanisani iliyofungwa kwa kitambaa isipeperuke, na mkoba mkubwa mweusi. Akaweka kiti pembeni kabisa mwa mstari, akaketi, akatazama saa. Tisa kamili. Dimphna alisimama nyuma yake.

"Yupi ni Wolter?" Jannigje akauliza.

"Mama! Yule mwenye namba tisa."

"Namjua. Nilitaka kuona kama wewe unamjua."

Refa alikuwa Harmen, mwalimu mstaafu wa shule yetu, mtu wa haki mpaka inakera. Akapuliza filimbi, na wazee kumi na wawili wakaanza kutembea.

Kwa mtu aliyewahi kuitwa Sabuni, kutembea ni adhabu. Kila mara mpira ulipompita, miguu ilikumbuka mambo ya zamani, na kila mara filimbi ililia.

"Wolter, umekimbia."

"Nimetembea haraka!"

"Miguu yote miwili ilikuwa hewani. Anayetembea ana mmoja chini. Nilikufundisha hili darasa la pili."

Alipiga shuti la kwanza, likagonga tumbo la Teunis, likarudi. La pili likagonga tumbo lile lile. Teunis alikuwa hata hachezi, alikuwa tu yupo.

"Vipi, Sabuni?" mwokaji akampigia kelele. "Leo povu halitoki? Labda maji ni ya baridi!"

"Subiri, Teunis. Nitakupitishia moja upande usioweza kuinama."

"Sijui ni upande gani huo, sijainama tangu tuache kutumia sarafu za zamani!"

Watu walicheka. Jannigje hakucheka. Alikuwa ametoa termosi, anakunywa kahawa, na bati la bluu lilikuwa mapajani mwake, limefungwa. Kipindi cha kwanza kikaisha bila goli. Cha pili kikaanza, upepo ukageuka, Wolter akapiga la tatu likapaa mpaka malishoni, ikabidi ng'ombe wasukumwe kwanza ndipo mpira upatikane. Alitazama saa kubwa ya kantini. Tisa na dakika thelathini na tano. Dakika kumi zimebaki, kisha mama anakwenda kumenya kiazi chake, na basi, maisha yote yatakuwa yamepita bila goli.

Ikaja pasi. Haikuwa mbaya. Wolter akaituliza, akatembea nayo, mabeki wawili wa Kanisa Jipya wakawa nyuma wanapumua, na mbele yake akabaki Teunis peke yake, ametoka golini, mikono ameitandaza kama mtu anayetandika shuka. Mahali pa kupitisha mpira hapakuwepo. Na hapo mwili wa Wolter ukafanya uamuzi bila kumuuliza mwenyewe. Ukaanguka.

Lilikuwa anguko la kufundishia. Alipaa kidogo, akatua kwa bega, akabingirika mara tatu katika majani yenye maji, akashika goti la kushoto, ingawa Teunis alikuwa upande wa kulia, akatoa mlio ambao ng'ombe waliuitikia.

Filimbi ikalia. Harmen akaonyesha penalti.

"Sikumgusa!" Teunis akapiga ukelele, uso umekuwa mwekundu kama oveni yake. "Harmen! Nasema mbele za Mungu, sikumgusa!"

"Mungu wako au wetu?" akauliza mmoja wa Kanisa la Kale.

Wolter alikuwa ameshainuka. Hakuchechemea hata hatua moja. Akauchukua mpira, akauweka mahali pake, akaupapasa, akarudi nyuma hatua nne. Moyo wake ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Penalti, hiki ni kitu anachokijua. Akainua macho amtazame mama yake ili asikose kuona.

Kiti kilikuwa kitupu. Mama alikuwa uwanjani, amekwishavuka nusu ya njia, mkoba mkononi, kofia upepo unaivuta upande, anatembea kwa mwendo ambao Harmen angeweza kuupulizia filimbi.

"Bi Jannigje," refa akasema, "watazamaji hawaruhusiwi kuingia u—"

"Harmen, mimi nilikuwa nakufunga kamba za viatu shule ya Jumapili, na nilikuwa nazifunga kila baada ya dakika tano. Usiniambie habari ya kuruhusiwa. Huyu hakuguswa."

Mwanamke wa Kanisa la Kale anamtetea mwokaji wa Kanisa Jipya, tena mbele ya watu. Hilletje alishika mkono wa mtu aliyekuwa karibu naye, na mtu mwenyewe hamjui. Teunis akavua kofia polepole bila kujua kwa nini.

"Mama, rudi kitini," Wolter akanong'ona.

"Wewe ngoja. Nimetolewa vitu machoni, macho yote mawili. Kati ya mkono wa Teunis na mguu wako mtu angepitisha baiskeli. Tena yenye vikapu."

"Mama, ule ni ufundi. Wote hufanya hivyo. Huko mjini—"

"Sijauliza habari za mjini. Nakuuliza swali lenye jibu moja. Umeguswa, hukuguswa?"

Mwanamume wa miaka sitini na miwili, mechi kumi na nne za taifa, alitazama ncha za viatu vyake. Palikuwa na mpira pale, umewekwa vizuri, na goli, na mama amesimama hatua tatu tu, karibu kuliko alivyowahi kumwota. Pigo moja na shida ya maisha yake imekwisha.

"Sikuguswa," akasema.

"Usiyaambie majani. Mwambie Harmen."

"Harmen. Sikuguswa. Nimejiangusha."

"Asante," Jannigje akasema. Akafikiri. "Na zile sitini na moja?"

"Mama, tutazungumza nyumbani."

"Ngapi?"

"Kumi na nane niliguswa kweli."

"Na zilizobaki?"

Wolter alitazama juu, mawinguni. "Upepo," akasema.

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika mpaka kwenye lango la maji la mfereji. Hata Harmen aligeuka akajifanya anapangusa filimbi. Jannigje peke yake hakucheka. Alirudi kitini kwake kwa mwendo ule ule, akaketi, akatazama saa. Tisa na dakika arobaini na mbili.

Harmen akatoa pigo la adhabu kwa Kanisa Jipya. Teunis akalichukua mwenyewe, kofia bado mkononi, na mawazo hayakuwa hapo kabisa. Miaka arobaini hakuna mtu wa mlango wa kijani aliyemwambia hata habari za asubuhi, na leo ametetewa kwa habari ya baiskeli yenye vikapu. Akapiga mpira huku anamtazama Jannigje. Mpira ukagonga mgongo wa beki wake mwenyewe, ukarudi, ukasimama miguuni kwa Wolter.

Goli lilikuwa tupu. Hatua ishirini. Na hairuhusiwi kukimbia.

Basi Wolter akatembea. Teunis akazinduka akamfuata, naye akitembea, na nyuma yao Harmen, anatembea, filimbi mdomoni, macho kwenye miguu yao ili mmoja daima uwe chini. Hakujawahi kutokea kufukuzana kwa polepole namna ile. Mtu alikuwa na muda wa kununua kroketi. Watu walioapa kutopiga kelele walipiga kelele, Kale na Jipya pamoja, wengine wakisema "Tembea, Wolter!" na wengine "Tembea, Teunis!" Hatua kumi. Hatua saba. Teunis alikuwa akipumua kama mvukuto, na alipoona kwamba hafiki, akanyosha mkono wake wa kukandia unga, akashika jezi namba tisa kwa nyuma, akavuta kwa nguvu zake zote.

Hapo aliguswa. Hapo aliguswa hasa. Jezi ikapasuka kutoka shingoni mpaka mkiani, na kila mfupa wa Wolter, kila msuli, miaka arobaini na mitano ya mazoea, ukamwambia: anguka. Magoti yakaanza kukunjika. Dimphna alifumba macho.

"Sasa ameguswa!" sauti ikapasua upepo. Jannigje alikuwa amesimama juu ya kiti cha kukunja, na Dimphna aliyefumba macho alilazimika kuyafumbua ili amshike kiuno. "Harmen! Sasa ameguswa! Ninaona! Simama, mtoto! Simama wima!"

Na Wolter akasimama wima. Akaendelea kutembea, nusu ya jezi mkononi mwa mwokaji, mgongo uchi katika upepo wa Aprili, hatua tano, tatu, moja, akausukuma mpira kwa ubavu wa mguu, ukaingia golini taratibu kama mgeni mwenye adabu.

Saa ya kantini: tisa na dakika arobaini na nne.

Hakushangilia. Alitembea moja kwa moja, akavuka uwanja wote, mpaka kwenye kile kiti. Mama yake alikuwa ameshateremka anakunja.

"Umeona?" akamuuliza, na sauti yake haikuwa ya mtu wa sitini na miwili.

"Nimeona." Akafunga mkoba. "Ndilo hilo tu?"

"Ndilo hilo, mama."

"Miaka yote ile, watu elfu arobaini wanalia kwa ajili ya hili?"

"Kwa kawaida huwa kuna mbio kidogo."

"Vaa koti," Jannigje akasema. "Kuna viazi."

Walimsindikiza nyumbani, yeye na Dimphna. Wolter alikaa jikoni na koti juu ya mgongo uchi, akamtazama mama yake akimenya viazi viwili, kimoja zaidi ya kawaida, bila kueleza ni cha nani. Kisha akamimina kahawa. Akatoa bati la bluu mkobani, akafungua, kila mmoja akachukua moja, akafunga. Pap.

Wakanywa. Saa ya ukutani ikafanya kazi yake.

"Sasa ni mia mbili na kumi na matatu," Wolter akasema baada ya muda, kwa kuwa kuna watu hawawezi kujizuia.

"Mia mbili na kumi na mawili. Lile la Februari, siku ya ukungu, lilimgonga beki wao mgongoni. Magazeti yalikupa tu."

Wolter akaweka kikombe chini. "Mama umejuaje?"

"Kabati la Hilletje limeegemea ukuta wangu. Na Hilletje ni kiziwi wa sikio moja, sauti ya televisheni anaifungulia mpaka mwisho."

"Ulikuwa unasikiliza?"

"Jumapili? Sikusikiliza hata siku moja," Jannigje akasema. "Nilisikia."

Kisha akafanya jambo ambalo Dimphna, aliyekuwa ameketi pale pale, aliapa baadaye kwa watakatifu wote wa kusini kwamba alilishuhudia kwa macho yake. Aliweka kidole gumba chini ya kifuniko cha bati. Akakifungua tena. Akalisukuma bati kuvuka meza mpaka likagusa kikombe cha mwanawe.

Wolter hakuthubutu kunyosha mkono. "Ya goli?" akauliza.

"Goli ni kazi yako, ulilipwa kwa hiyo. Hii ni ya kumwambia Harmen." Akangoja. "Chukua basi, zinaingia unyevu."

Akachukua. Pap.

Jumatatu, Teunis alituma mkate wa zabibu mlango wa kijani, na Jannigje aliula wote, kisha akamtumia salamu kwamba chumvi haitoshi. Kuhusu lile goli hapakuwa na ubishi. Watu themanini waliliona, na nusu ya jezi imetundikwa kantini, juu ya kikaangio. Katika karatasi ya zamu iliyofuata, jina la Wolter liliandikwa kwa kalamu. Lakini Dimphna alipowasimulia habari ya biskuti ya pili, kantini nzima iliacha kutafuna. Mtu mmoja akasema huyu wa kusini amezoea kuongeza chumvi. Mwingine akasema labda ya kwanza ilikuwa imevunjika. Wakamwita Hilletje, aliye jirani wa Jannigje miaka yote, na Hilletje akatikisa kichwa: yeye ukutani alisikia pap mbili, hilo ni kweli, lakini jambo lenyewe haliwezekani.

Mpaka leo wanabisha.